Mwalimu wa Toru

Kara-Jar, At-Bashy
11 Aprili 2001

Mdogo wangu Jumadil,

Barua hii ikukute mzima na kile kikohozi kimekuacha. Huku wote wazima. Baba mkwe Asanali bado anatafuna nyama kwa meno yake mwenyewe na kutukemea wote kwa zamu. Theluji imetoka uani, imebaki nyuma ya zizi tu. Ng'ombe amezaa dume. Barua nampa mke wa Sharshen dereva, anayekuja huko Moscow kumtafuta mumewe, na kila mtu hapa anajua mume yuko wapi isipokuwa yeye.

Mimi mzima. Watu wakiuliza nawajibu hivyo hivyo. Naamka, nakamua, nachemsha chai, nalala. Mgongo ni ule ule.

Lililonifanya nishike kalamu ni Toru, farasi wa mwanangu Tilek. Siku tulipompokea mwanangu kutoka huko kwako ndani ya sanduku, Desemba ile, hukuwepo, kwa hiyo nakueleza. Watu waliuliza mbona mjomba wake hakuja naye, nikawaambia ni shida ya tiketi. Basi baba mkwe alitoka uani na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, akamkata Toru mkia mpaka karibu na mfupa, akamkata na singa za shingoni, kama walivyokuwa wakifanyiwa farasi wa marehemu zamani. Toka siku hiyo hapandwi. Amefungwa nyuma ya nyumba, anakula na kunenepa. Novemba, kwenye karamu ya kumaliza mwaka wa msiba, atachinjwa ili wageni wale nyama, na marehemu apate kipando huko alikokwenda. Ndivyo mzee alivyosema. Sikubishana. Siku zile ungeniambia nyumba inaungua ningekuuliza ni chumba gani.

Juzi nimempelekea maji akaniwekea kichwa begani. Nikuambie kweli, sikusikia kitu moyoni. Kilikuwa kichwa cha farasi, kizito. Ila niliwaza kwamba Novemba hata huyu hatakuwepo. Nikaweka ndoo chini, nikaenda kwa mzee.

"Baba," nikamwambia, "tangu niolewe humu nimewahi kukuomba nini?"

"Hujaomba."

"Leo naomba. Toru asichinjwe."

"Farasi anayekula mwaka mzima bila kukimbia ni nyama," akasema. "Mtafutie mwalimu. Akimkimbiza kwenye mashindano ya karamu kwa jina la Tilek, akamaliza mbio na wenzake, nitamwacha. Asipokimbia, kisu. Na mwalimu tu ndiye atakayempanda, mwingine hapana."

Sasa, walimu wa siku hizi wamezoea wale farasi warefu wa mchanganyiko, waliozaliwa na madume ya kigeni enzi za shamba la serikali. Toru ni mbegu ya kwetu ya zamani, mfupi, kichwa kikubwa, kwato ngumu kama sufuria. Wa aina yake waliobaki bonde zima unawahesabu kwa vidole. Anayejua kuwafunza sijui kama yu hai. Wewe uko na watu wa At-Bashy kila siku huko sokoni. Niulizie.

Na swali jingine. Tilek alimfunza mwenyewe kule malisho ya juu, viangazi viwili, na mimi sikuwepo kwa kuwa mgongo hauniruhusu kufika. Huko Moscow mlilala chumba kimoja. Aliwahi kukuambia alikuwa akimwandaa kwa kazi gani? Mwalimu atataka kujua.

Dada yako,
Uulkan


Moscow
8 Mei 2001

Dada yangu Uulkan,

Asalaam alaykum. Mkono wangu unaitafuta miguu ya mzee Asanali nimwamkie, na mikono yako nayo. Mimi sijambo. Kikohozi kimepungua. Bado tunakaa chini ya lile jengo, mabomba ya maji moto yanapita juu ya vitanda, kwa hiyo baridi hatuijui. Wameniondoa kwenye kazi ya juu ya mapaa, sasa nafagia uani. Nafagia, wanatupa, nafagia. Kazi haiishi, ndiyo raha yake. Mke wa Sharshen amemkuta mumewe. Tulisikia mpaka kwetu.

Nimeuliza sokoni. Vijana wengi wanajua kujisifu tu, hata farasi wa picha angewaangusha. Lakini jamaa mmoja muuza viatu anasema yupo Bolot wa Ak-Talaa, ndiye aliyefunza washindi wa Naryn miaka miwili hii. Ana zizi kubwa na kofia kubwa zaidi. Nimetuma neno kwake kwa mtu anayerudi. Atakuja mwezi ujao, mpe chai nzuri, ni mtu wa kupenda kusifiwa.

Anayebeba barua hii gari lake linaondoka, kwa hiyo mengine nitaandika siku nyingine.

Mdogo wako,
Jumadil


Kara-Jar
21 Juni 2001

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa na mafuta ya samaki, sijui ilifungwa pamoja na nini. Tumeisoma hivyo hivyo. Baba mkwe amepokea maamkizi yako, akaguna. Kuguna kwake kwa watu wa upande wetu ni baraka. Majirani wote wamepanda malisho ya juu na mahema yao, kijiji kimebaki na wazee, kuku na mimi. Ni mwaka wa saba sijapanda. Gari haliendi kule, na kwa farasi anayerukaruka mimi sifiki hata kwenye daraja.

Bolot alikuja. Nilimsifu kofia, nikamsifu buti, nikaishiwa. Alipomwona Toru akacheka.

"Mama, huyu ni farasi au mbuzi?"

"Mfunze," nikamwambia, "hayo mengine tutajua baadaye."

Akafanya anavyofanya kwa wale warefu wake. Alimvika mablanketi mazito, akamnyima majani, akamtoa jasho mpaka povu, akampeleka uwandani akampiga mjeledi. Toru hakwenda shoti hata hatua moja. Bolot akiinama mbele ili aruke, farasi anasimama. Akimpiga, anaondoka kwa telki, ule mwendo wa kuteleza kama maji ya mfereji, si mbio wala si kutembea. Akiona jiwe kubwa analisogelea, anasimama kando yake na kukataa kuondoka. Siku ya mwisho alisimama kwenye jiwe mpaka wazee wote wa kijiji wakaja kutazama, na Bolot juu na kofia yake.

Alirudi amekasirika. Akamwambia baba mkwe mbele yangu kwamba huyu farasi ni mvivu, ameharibiwa na mtu asiyejua kazi, na nyama yake angalau itakuwa na mafuta.

Asiyejua kazi ni mwanangu. Nilisikia neno hilo likapita, nikamfungia mkate wa njiani. Siku hizi ndivyo nilivyo. Hata msibani mawifi walikuwa wakinifinya nitoe maombolezo kama mama anavyotakiwa, nikawa nahesabu fito za hema. Wamesema sana. Waache, la kuvunda halina ubani.

Jioni nilimkuta mzee anakinoa kile kisu kirefu. Sikumwuliza.

Tafuta mwingine, Jumadil. Na hujanijibu swali langu. Alisema nini juu ya farasi huyu?

Uulkan


Moscow
25 Julai 2001

Dada yangu,

Mimi mzima, wenzangu wazima. Joto la huku mwaka huu ni la kunuka lami. Tumepata jirani mpya chumbani, Mtajiki, anapika wali mzuri sana na analia akipika, anasema ni vitunguu. Kitanda cha kona amepewa yeye. Sikutaka, lakini chumba si changu.

Kuhusu Bolot nisamehe. Nilimsikiliza muuza viatu, nikapata kiatu.

Nimekumbuka mtu, na utanipiga. Kerimkul. Ndiyo, yule yule Kerimkul wa Bosogo aliyeleta washenga kwa marehemu baba kukuposa, ukawamwagia maziwa ya chachu kwenye farasi zao. Bado yu hai, mjane, mnene, na mdomo wake haujapumzika tangu enzi zile. Lakini babake alifuga mbegu ya zamani wakati kila mtu alipokuwa akiwachanganya, na yeye mwenyewe amekulia migongoni mwao. Watu watatu tofauti wamenitajia jina lake bila kujuana. Nimemwandikia. Nimemwambia ni kwa ajili ya nani.

Unaniuliza pia kama nitakuja Novemba. Hukuuliza, lakini najua unauliza. Kazi hapa imebana. Akiondoka mtu mmoja nafasi yake inachukuliwa asubuhi.

Jumadil


Kara-Jar
24 Septemba 2001

Mdogo wangu Jumadil,

Sisi wazima, na wewe Mungu akuweke hivyo. Viazi tumevuna. Watu wameshuka kutoka malisho ya juu. Baba mkwe amekwisha alika ukoo wote kwa karamu, kutoka Naryn mpaka Kochkor, na wote wamesema watakuja. Kwenye nyama watu hawasahau njia.

Kerimkul amefika. Alishuka kwenye farasi wake kama gunia, akanitazama, akasema, "Uulkan, leo una maziwa ya chachu au nije karibu?"

"Karibu," nikamwambia, "siku hizi maziwa ni ghali."

Alikula kabla ya kumwona farasi, na alikula vizuri. Maandazi yote ya mezani, na akauliza kama yapo ya kesho. Baba mkwe alimchukia mara moja na kumtilia chai mwenyewe.

Kisha alikwenda nyuma ya nyumba. Hakumvika blanketi wala hakumnyima majani. Alimpanda, wakatoka taratibu kuelekea mtoni, wakarudi wakati wa kukamua. Kesho yake vile vile. Alipokuwa akirudi hakusema mzaha wowote, nikajua kuna jambo. Nilidhani ndiyo basi, farasi hafai. Nikaenda kukamua. Mikono ilikamua yenyewe.

Siku ya tatu akaniomba bakuli la maziwa ya farasi, lijae mpaka mdomoni. Akalishika, akapanda, akazunguka uwanja wote kwa ile telki ya Toru, akarudi, akalinywa mbele yetu. Hakuwa amemwaga hata tone.

"Nani humu ndani mgonjwa wa mgongo?" akauliza.

"Kerimkul, kijiji kizima kinajua ni mimi."

"Na farasi naye anajua."

Nikamwambia aache upuuzi. Akashuka, akaniita karibu, akaanza kunionyesha kama mtu anayepanga vyombo. Ukiinama mbele, anasimama. "Yule Bolot akadhani ni ukaidi. Huyu amefundishwa kwamba aliye juu yake akiinama ni maumivu, si haraka." Akiona jiwe la urefu wa goti anajipanga kando yake, ubavu wa kushoto, na hatoki mpaka umpe ruhusa. "Mwanamume gani anahitaji jiwe kumpanda farasi mfupi namna hii?" Kwenye mfereji haruki, anateremka na kupanda polepole. Upindo wa gauni ukimgusa mbavuni hashtuki. Na shoti hajui, kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Kwa mbio hafai kabisa, akasema. Hata miaka kumi hatakimbia.

"Basi atachinjwa," nikasema. Nilisema kama mtu anayetaja siku ya soko.

Baba mkwe alikuwa ameketi kizingitini, anasikia yote.

Kerimkul akamgeukia yeye, si mimi. "Mzee, mmemkata mkia farasi wa watu. Huyu si farasi wa marehemu. Marehemu alikuwa mwalimu tu. Farasi ni wa yule aliyefundishiwa."

Nikasema mwaka haujaisha, haipandwi mali ya maiti, watu wataniona. Niliyasema yote hayo kwa kuwa niliogopa, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Desemba naogopa kitu.

"Mpandishe," mzee akasema.

Toru alijisogeza mwenyewe kwenye lile jiwe la kukatia kuni. Nikapanda kama ninavyopanda kitandani. Nilizunguka zizi, nikatoka mpaka kwenye ile miti ya mipopla, nikarudi. Jumadil, mgongo haukuuma. Nilingoja maumivu, kila hatua nilingoja. Nilipoinama kushika singa ambazo hazipo, akasimama. Hapo ndipo nikalia, juu ya farasi, mbele ya mwanamume niliyemkataa na baba mkwe wangu, kwa sauti kubwa na mbaya, makamasi mpaka kidevuni. Kerimkul aliondoka kwenda kumtazama ng'ombe.

Nilipomaliza, mzee alikuwa amekwisha ingia ndani. Mpaka leo ninapoandika hajatamka neno. Sharti lake lilikuwa mbio, na mbio hakuna. Neno la kuchinja alilisema mbele ya ukoo, na unamjua, hajawahi kurudisha neno. Kisu bado kimening'inia mlangoni.

Nataka huyu farasi aishi. Nakuandikia ili uone kwamba nataka kitu.

Dada yako,
Uulkan


Moscow
2 Oktoba 2001

Dada,

Barua yako sijaipata tangu ile ya Juni, sijui kama Kerimkul alikuja. Nimenunua karatasi hii mara ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana.

Umeniuliza mara mbili Tilek alisema nini juu ya farasi. Alisema kila jioni. Tukirudi kutoka kazini, anavua viatu, anakaa kwenye kile kitanda cha kona, anaanza. Mjomba, leo Toru angekuwa malishoni. Mjomba, nimemzoesha gauni, nilivaa gauni la zamani la mama nikampanda, wachungaji wakanicheka mpaka wakakaa chini. Mjomba, nikipata pesa ya manyoya ya kufunikia hema jipya narudi, nampandisha mama kule juu, sitamwambia mpaka siku yenyewe. Alikuwa akitembeza kikombe cha chai chumbani kutuonyesha telki ilivyo. Mimi nilikuwa nimechoka, namwambia lala. Nilikuwa namsikia lakini nalala.

Ni farasi wako. Mwambie mzee asimchinje, ni wako.

Sikuandika kwa sababu ningeandika hayo ingebidi niandike na asubuhi ile juu ya paa, na sina maneno ya asubuhi ile. Alinitania nimevaa soksi mbili tofauti, akashika koleo la theluji, akatangulia kwenye ukingo wenye barafu. Basi. Wakati wa kumpeleka uwanja wa ndege niliwaambia wenzangu wampandishe wao. Tiketi ilikuwepo. Sikuweza kukaa naye ndani ya ndege moja kisha nishuke mbele yako.

Nampa barua hii Almaz, anapitia Osh kwa shughuli zake, lakini ameapa atafika kwenu kabla ya karamu.

Jumadil


Kara-Jar
16 Novemba 2001

Mdogo wangu Jumadil,

Tumshukuru Mungu, tumemaliza. Karamu ilikuwa kubwa, baridi ilikuwa kali, na hakuna aliyeondoka na njaa. Kurani ilisomwa vizuri. Mahema yalisimamishwa manane, na mawifi zangu hawakuwa na la kusema. Kerimkul alitafuna kichwa cha kondoo na kuwasimulia wageni jinsi nilivyomkataa, kila akisimulia maziwa yanaongezeka.

Nakuambia ilivyokuwa. Asubuhi ya kuchinja wanaume walikuwa wamekwisha simama uani wamekunja mikono ya nguo. Mzee akachukua kisu mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa jikoni, nikashika ukingo wa meza. Nilisikia kwato zikija, sikutazama. Kisha nikasikia watu wamenyamaza, nikatoka.

Alikuwa amemleta farasi wake mwenyewe, yule mweupe anayempanda kila siku, na mkia amekwisha mkata usiku bila kumwambia mtu. Toru alikuwa nyuma, anakula majani.

Kaka wa ukoo kutoka Naryn akasema, "Mzee, ulitwambia farasi wa marehemu."

"Ndiye huyu," akasema. "Juu ya huyu nilimpakia Tilek kabla hajajua kutembea. Yule mwingine ni wa mkwe wangu. Soma dua."

Wakasoma. Sasa mzee huenda msikitini kwa miguu, na amekataza mtu yeyote kumpa kipando. Nikimpa chai hanitazami, na mimi simshukuru, tunajuana.

Almaz wako alifika siku tatu baada ya karamu. Shughuli za Osh zilikuwa tamu. Barua nimeisoma nimesimama, kisha nimeketi nikaisoma tena. Ingekuwa ni kuitegemea hiyo, tungekuwa tumekwisha gawana nyama. Nilikukasirikia mpaka masikio yakavuma. Kisha nikafika kwenye lile gauni langu kuukuu na wachungaji wakicheka, nikacheka na mimi, peke yangu, jikoni. Sijui hasira ilikwenda wapi. Itarudi, naijua. Ikirudi nataka uwe hapa, nikukasirikie usoni. Njoo wakati theluji inapoyeyuka. Soksi zozote.

Kerimkul aliondoka juzi. Nilimfungia nyama ya fungu la mwalimu, ile ya heshima. Aliitazama, akairudisha mezani. Alisema yeye hakumfundisha Toru kitu, kazi aliikuta imekwisha, na fungu la mwalimu apelekewe mwalimu.

Unajua sisi wanawake hatuendi kuzika, na kile kilima cha makaburi mgongo wangu haukikubali. Tangu Desemba sijapaona alipolala. Jana asubuhi nilimtandika Toru, nikapanda kwenye jiwe la kuni, sikumuaga mtu wala sikuomba ruhusa. Tulikwenda kwa telki mpaka juu, upepo ukitupiga, na njiani nilipoinama mara moja alisimama akaningoja. Kule juu alijipanga kando ya jiwe nikashuka. Kaburi bado halijaota majani. Nilimkalia karibu, nikamwambia Tilek mgongo hauniumi.

Dada yako,
Uulkan